Vidonge vya vimeng'enya: neno "asili" lisitutoshe

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya vidonge vya vimeng'enya, au enzaimu kama wengi wanavyoviita, sasa yanatufikia kwa kila njia: magazetini, redioni na kwenye simu. Chupa moja hudaiwa kusaga chakula, kusafisha damu, kuyeyusha damu iliyoganda, kupunguza maumivu ya viungo, kupunguza uzito na hata kupambana na saratani. Kurasa za afya nazo mara nyingi huyachukua madai hayo kama yalivyo, huongeza mwishoni "wasiliana na daktari wako", na habari huishia hapo. Naomba nafasi nieleze namna ya kuyapima, maana madai haya hayalingani. Machache yana ushahidi mzuri, mengi hayana, na yapo yaliyojaribiwa kwa wagonjwa na matokeo yakawa ya kusikitisha. Kinachoniudhi zaidi ni kuona ushahidi wa dai la kweli ukitumiwa kulipamba dai lisilo na msingi lililoandikwa kwenye chupa ileile.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko moja la kikemia, au machache yanayofanana. Laktasi hukata sukari ya maziwa na haigusi mafuta. Lipasi hukata mafuta na haina habari na sukari ya maziwa. Kwa hiyo anayesema tu kwamba "vimeng'enya husaidia mmeng'enyo" bado hajasema kitu cha kupimika. Aulizwe: ni kimeng'enya gani, kinakata nini, hicho kinachokatwa kiko wapi mwilini, na je, kimeng'enya kinafika hapo kikiwa bado na nguvu ya kufanya kazi? Hilo la mwisho ndilo linaloangusha madai mengi.

Kinachomezwa huanza kwa kupita tumboni, ambako kabla ya mlo pH (kipimo cha ukali wa tindikali; namba ndogo ni ukali zaidi) huwa kati ya 1.5 na 3.5 hivi, na ambako kuna pepsini, kimeng'enya chetu wenyewe ambacho kazi yake ni kukata protini. Protini ya kidonge haitambuliwi kwa heshima yoyote ya pekee. Hukunjuliwa na tindikali na kukatwakatwa sawa na ya nyama au yai. Chakula hupunguza ukali wa tindikali kwa muda, ndiyo maana vidonge vya kusaidia usagaji humezwa pamoja na mlo. Vimeng'enya vinavyovunwa kutoka kwa kuvu aina ya Aspergillus huvumilia tindikali kiasi. Lipasi ya kongosho haivumilii: pH ikishuka chini ya 4 huharibika isirudi tena, na kwa hiyo hutengenezwa kama chembe ndogo zenye ganda linalostahimili tindikali na kuyeyuka kwenye utumbo mwembamba, pH inapofika 5.5 hivi. Kidonge cha lipasi ya kongosho kisicho na ganda hilo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake njiani.

Dai linalosimama vizuri kuliko yote ni la laktasi. Mtu ambaye utumbo wake hautoi laktasi ya kutosha, sukari ya maziwa humpita bila kukatwa hadi utumbo mpana. Huko bakteria huichachusha, gesi hujaa, maji huvutwa kuingia utumboni, na tumbo huuma na kuharisha. Hapa kimeng'enya na kinachokatwa vinakutana mahali pamoja na kwa wakati mmoja, bila haja ya kuingia kwenye damu. Umoja wa Ulaya, ambao umekataa madai mengi ya virutubisho, ulilikubali hili katika kanuni yake namba 432 ya mwaka 2012, kwa sharti kwamba mtumiaji apate angalau yuniti 4,500 za FCC (kipimo cha nguvu ya laktasi) kwa kila mlo wenye laktosi, yaani sukari ya maziwa.

Hata hivyo laktasi nzuri inaweza kushindwa, na sababu zake hujulikana. Ya kwanza ni saa: mtu anakunywa maziwa, anasubiri tumbo liungurume, ndipo anameza kidonge, wakati maziwa yameshateremka. Kidonge kimezwe na funda la kwanza. Ya pili ni kipimo: kuna vidonge vya yuniti 3,000, na mtu anameza kimoja. Ya tatu ni joto: chupa iliyoachwa garini au juu ya jiko hupoteza nguvu kabla ya tarehe yake ya mwisho. Ya nne, ambayo ndiyo ya kuogopa, ni kwamba shida haikuwa laktosi. Mwenye mzio wa protini ya maziwa hasaidiwi hata kidogo na laktasi, kwa kuwa protini hiyo inabaki palepale, na kumpa maziwa kwa kutegemea kidonge ni kumhatarisha. Kipimo cha pumzi hospitalini hutambua upungufu wenyewe: mtu hunywa laktosi iliyopimwa, na hidrojeni kwenye pumzi ikipanda kwa sehemu 20 au zaidi kwa kila milioni, laktosi haikusagwa. Niongeze kwamba watu wengi wenye upungufu huvumilia gramu 12 za laktosi kwa mara moja, kiasi kilichomo kwenye glasi ya mililita 250, hasa wakinywa na chakula. Wengi wao hawahitaji kununua chochote.

Alfa-galaktosidasi, inayouzwa kwa ajili ya gesi ya maharage na jamii yake, nayo ina mantiki. Hukata sukari za rafinosi na stakiosi, ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzikata. Tafiti zake ni ndogo lakini zimeonyesha gesi kupungua. Isitiwe kwenye sufuria inayochemka, joto huiua. Imezwe na tonge la kwanza. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa galaktosemia asiitumie, kwani inazalisha galaktosi, na anayetumia dawa ya kisukari iitwayo akabosi aongee kwanza na mfamasia, maana vitu hivyo viwili vinapingana kazi.

Nikae kidogo kwenye kongosho, maana hapa ndipo ukweli na biashara vimechanganyika kuliko mahali pengine. Kongosho likiharibika kwa uvimbe wa muda mrefu, kwa ugonjwa wa kurithi wa saistiki fibrosisi au kwa upasuaji, vimeng'enya vya kumeza ni tiba halisi na bila hivyo mgonjwa hudhoofika. Wauzaji wa virutubisho huchukua ukweli huo na kumwambia mtu mwenye afya kwamba kongosho lake "limechoka". Lakini kongosho lina akiba kubwa mno: mafuta huanza kupotea kwenye kinyesi pale tu uzalishaji wa lipasi unaposhuka chini ya asilimia 10 ya kawaida. Mwenye kongosho zima anayemeza lipasi anapeleka maji mtoni. Na ile hadithi kwamba tunazaliwa na akiba ya vimeng'enya inayoisha kadiri tunavyokula vyakula vilivyopikwa haina msingi wowote. Mwili huvitengeneza upya kila siku kutokana na amino asidi za chakula chochote chenye protini.

Upungufu wa kweli una dalili zake. Kinyesi huwa kingi, cheupe, chenye mafuta, kinanuka sana na ni kigumu kusukumwa na maji, na uzito hupungua ingawa mtu anakula. Uthibitisho ni kupima elastasi, kimeng'enya kimojawapo cha kongosho, kwenye kinyesi. Ikiwa chini ya mikrogramu 200 kwa gramu, kuna shaka ya upungufu, na chini ya 100 shaka inakuwa kubwa. Kipimo kinachotambua elastasi ya binadamu pekee hakivurugwi na vidonge vyenye kongosho la nguruwe, kwa hiyo mtu hana haja ya kuacha dawa ili apimwe.

Sasa tufanye hesabu ya dozi. Kwa mgonjwa, kuanzia ni yuniti 500 za lipasi kwa kila kilo ya uzito kwa mlo. Mtu wa kilo 70 anahitaji yuniti 35,000 kwa mlo mmoja, na madaktari wengi humwanzishia mtu mzima 40,000 hadi 50,000. Chukua chupa ya "mchanganyiko wa vimeng'enya" yenye yuniti 2,000 za lipasi kwa kapsuli: angehitaji kapsuli 18 kwa mlo mmoja ili afikie hata kiwango cha kuanzia. Mgonjwa wa kweli anayetegemea chupa kama hiyo anaendelea kukonda huku akiamini anatibiwa. Upande wa pili pia una mpaka. Dozi haipaswi kuzidi yuniti 2,500 kwa kilo kwa mlo, wala 10,000 kwa kilo kwa siku, kwa sababu dozi kubwa mno zimehusishwa na kusinyaa na kuziba kwa utumbo mpana kwa watoto wenye saistiki fibrosisi. Marekani yenyewe iligundua kwamba hata vidonge vya kongosho vilivyoandikwa na madaktari vilitofautiana nguvu kupita kiasi, ikatangaza mwaka 2004 kwamba kila mtengenezaji lazima apate kibali rasmi, na muda wa mwisho ukawa Aprili 2010. Ikiwa dawa za hospitali zilihitaji kubanwa hivyo, kirutubisho kisichokaguliwa kabla ya kuuzwa kinahitaji kuulizwa maswali mengi zaidi.

Swali la kwanza ni kuhusu lebo. Kimeng'enya hupimwa kwa kazi kinachoweza kufanya. Miligramu 500 za papaini, kimeng'enya cha papai, zinaweza kuwa na nguvu nyingi au zisiwe na nguvu kabisa, kutegemea zilivyokaushwa na kuhifadhiwa. Lebo inayotaja miligramu pekee, au inayoficha kila kitu chini ya jina la "mchanganyiko maalumu", haimpi mnunuzi chochote cha kulinganisha. Lebo nzuri hutaja kila kimeng'enya na yuniti zake: FCC kwa laktasi, USP kwa lipasi ya kongosho, FU kwa natokinasi, kimeng'enya cha soya nitakachokirudia. Yuniti za mifumo tofauti hazilinganishwi moja kwa moja, kwa hiyo namba kubwa peke yake isimvutie mtu. Lebo itaje pia asili: pankriatini, mchanganyiko wa vimeng'enya vya kongosho, hutoka zaidi kwa nguruwe, na anayejizuia kwa imani yake ana haki ya kuambiwa kabla hajameza. Bromelaini ya kiwandani hutokana zaidi na shina la nanasi, papaini hutokana na utomvu wa papai bichi, na laktasi nyingi hutengenezwa kwa kuvu au hamira kwenye mapipa ya kiwanda. Neno "asili" halituelezi usalama wala ufanisi wa yoyote kati ya hivyo.

Nje ya utumbo mambo hubadilika. Ili kimeng'enya kitibu goti au mshipa wa damu, lazima kivuke ukuta wa utumbo kikiwa kizima. Kiasi kidogo huvuka, ni kweli. Watu waliopewa gramu 3 za bromelaini kwa siku walikutwa nayo kwenye damu, lakini kwa nanogramu chache tu kwa mililita. Na damu ina protini za ulinzi, mojawapo ikiwa alfa-2-makroglobulini, zinazokamata vimeng'enya vya kukata protini na kuvizuia, jambo la heri, maana vikiachwa huru vingetukata sisi wenyewe. Hivyo jaribio la bomba la maabara, ambamo kimeng'enya kinamwagwa moja kwa moja juu ya bonge la damu, halithibitishi lolote kuhusu kidonge. Kinachothibitisha ni majaribio kwa watu, na yapo.

Serapeptasi, kimeng'enya cha kukata protini, iliuzwa Japani kwa miaka mingi kama dawa ya uvimbe na makohozi. Ilipopimwa upya dhidi ya kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa, haikuonyesha ubora wowote, na mwaka 2011 kampuni ya Takeda iliiondoa yenyewe sokoni. Bado inatangazwa katika nchi nyingine kwa sifa zilezile. Natokinasi, itokanayo na soya iliyochachushwa ya Kijapani, hutangazwa kama ya kusafisha mishipa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa watu 265 ama yuniti 2,000 za FU kila siku ama kidonge kitupu, na kuwafuatilia kwa takriban miaka 3: unene wa kuta za mishipa ya shingo uliongezeka sawasawa katika makundi yote mawili.

La saratani ndilo linalouma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Journal of Clinical Oncology uliwafuatilia wagonjwa 55 wa saratani ya kongosho. Waliochagua tiba kemikali waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 14. Waliochagua vimeng'enya vya kongosho kwa wingi, pamoja na lishe maalumu na kusafishwa utumbo, waliishi miezi 4.3, na hali yao ya maisha katika muda huo ilikuwa mbaya zaidi. Wagonjwa walichagua wenyewe, kwa hiyo makundi hayakugawanywa kwa kura, na hilo ni udhaifu wa utafiti. Lakini pengo la ukubwa huo halimruhusu mtu mwenye dhamira njema kumshauri mgonjwa aache hospitali kwa ajili ya vidonge hivi.

Msomaji akiletewa "utafiti" na muuzaji, atazame mambo haya: palikuwa na kundi la kidonge kitupu au hapakuwa? Hilo ni muhimu hasa kwa matatizo ya tumbo, maana katika tafiti za utumbo wenye usumbufu watu 3 hadi 4 katika kila 10 husema wamepata nafuu kwa kidonge kisicho na kitu. Walipimwa watu au panya? Dozi ya utafiti ni ileile iliyo kwenye chupa? Na kilichopimwa ni maumivu na ugonjwa wenyewe, au ni namba fulani ya maabara?

Lipo jaribio dogo la mezani ambalo huonyesha vizuri tofauti kati ya kimeng'enya hai na tiba. Koroga gramu 7 za jelatini isiyo na ladha kwenye mililita 250 za maji moto, acha ipoe hadi iwe vuguvugu, chini ya nyuzi 40, kisha gawa kwenye vikombe vitatu. Cha kwanza usitie kitu. Cha pili tia unga wa kapsuli moja ya bromelaini au papaini. Cha tatu tia unga wa kapsuli nyingine uliochemshwa kwa dakika 5 kwenye vijiko viwili vya maji na kupozwa. Weka kwenye friji kwa saa 4. Cha kwanza na cha tatu vitaganda. Cha pili kikibaki majimaji, kapsuli ina nguvu. Kikiganda, umenunua unga uliokufa. Lakini hata kikibaki majimaji, umethibitisha kwamba kimeng'enya kinakata jelatini kikombeni. Kuhusu goti hujathibitisha kitu.

Kwa laktasi mtu anaweza kujipima mwenyewe kwa haki, ilimradi hana mzio wa maziwa. Msaidizi aandae kapsuli zinazofanana, nyingine zenye laktasi, nyingine zenye unga wa wanga, na kila siku arushe sarafu kuamua ipi itolewe, aandike kwa siri. Mpimwaji anywe maziwa kiasi kilekile, saa ileile, kabla ya kula, kisha aandike maumivu kwa alama 0 hadi 10 na akisie alipewa ipi. Kubahatisha sawa siku 6 mfululizo ni nafasi 1 kati ya 64. Asiyeweza kutofautisha aokoe fedha yake.

Kuna watu ambao wasijaribu bila kuuliza. Bromelaini, papaini, serapeptasi na natokinasi zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa anayetumia warfarini, aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, na ziachwe wiki 2 kabla ya upasuaji. Kubadilisha warfarini kwa natokinasi ni hatari kuu; imeandikwa kwenye majarida ya tiba habari ya mgonjwa mwenye vali bandia ya moyo aliyefanya hivyo, damu ikaganda kwenye vali na akalazimika kupasuliwa tena. Mwenye mzio wa mpira wa glavu anaweza kupata mzio mkali kwa papaini. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake hudhuriwa na gluteni, protini ya ngano, asitegemee kidonge cha "kukata gluteni" ili ale ngano. Hakuna kinachochukua nafasi ya kuiacha. Na kinyesi chenye damu, chakula kukwama kooni, macho ya manjano, upungufu wa damu, au kukonda bila sababu ni mambo ya kupeleka hospitali siku hiyohiyo, kabla ya chupa ya aina yoyote, kwa sababu kidonge kinachotuliza tumbo kidogo kinaweza kuchelewesha ugonjwa kugunduliwa kwa miezi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Tangazo au makala ya vimeng'enya isichapishwe kabla mwandishi hajataja kimeng'enya kwa jina, yuniti zake kwa kapsuli, asili yake, na ugonjwa mmoja ambao kimepimwa kwa watu. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri atavijaza vipengele hivyo vinne kwa dakika chache. Akishindwa, gazeti limwombe arudi atakapokuwa navyo.

Wako,
Mfamasia, msomaji wa gazeti lako